Haki ya Mnyama Juu ya Mwenyewe

Bismillahir Rahmanir Rahim

Kila mtoto wa pwani aliyesomeshwa Safinatun Najaa chuoni amepita juu ya sababu tatu za kutayamamu: kukosa maji, ugonjwa, na ya tatu kuyahitaji maji yale kwa ajili ya kiu ya mnyama mwenye kuhishimiwa. Tulikaa jamvini tukazihifadhi, na mwalimu akafungua ukurasa wa pili. Ni wachache miongoni mwetu waliosimama hapo wakajiuliza ni jambo gani hili lililosemwa. Maana yake ni kwamba mtu aliye safarini, na maji yake ni kidogo, wakati wa Sala ukaingia na punda wake ana kiu, basi maji yale si ya udhu. Ni ya punda. Yeye atapiga udongo safi kwa viganja vyake, atasali, na Sala yake ni sahihi. Haki ya mnyama imetangulizwa mbele ya udhu, na udhu ndio ufunguo wa Sala.

Tulikuwa tumekusudia kuandika mwezi huu juu ya mirathi, lakini somo hili limeturejea kwa sababu ya ndugu yetu mmoja wa darasani, mfanya biashara wa nguo, aliyekwenda Kitengela kwa shughuli zake. Kwa wasioujua, Kitengela ni mji wa kaunti ya Kajiado, kando ya njia kuu iendayo Namanga, na zamani si mbali palikuwa ni malisho ya Wamaasai na maduka machache. Leo ni majumba ya ghorofa, na watu wamezidi kuliko mabomba. Kwa hivyo wengi hununua maji, na maji hayo huletwa kwa malori au kwa mikokoteni ya punda.

Ndugu yetu alimwona punda mmoja akivuta mkokoteni wenye mitungi ishirini ya maji. Na tufanye hisabu: mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20, mitungi ishirini ni kilo 400, na bado hatujautia uzito wa mkokoteni wenyewe. Begani, mahali panapokwaruzwa na kamba, palikuwa na kidonda kibichi kimejaa nzi. Ilipofika njia ya kupanda, mnyama akasimama, akapiga magoti. Kijana mwenye kumwendesha akamchapa kwa kipande cha mpira, na watu waliokaa kibandani wakacheka. Ndugu yetu akamwambia: "Mwanangu, mpe maji kwanza, kisha mwache apumue." Kijana akajibu: "Maji haya ni ya kuuza, mzee. Na punda si wangu. Ni wa tajiri, mimi namkodi kwa siku." Alipoulizwa nani amlishaye, akasema ni tajiri. Ndugu yetu, kwa kuwa ni mtu wa kufuatilia mambo, akamtafuta tajiri, akamkuta. Tajiri akasema: "Anayemkodi ndiye alishaye. Mimi usiku namfungulia ajitafutie mwenyewe."

Msomaji ataona kwamba punda yule ana watu wawili wa kula kwa jasho lake, na hana hata mmoja wa kumpa jani. Tumeizingatia khabari hii kuliko ile ya kumpiga. Kupigwa kulionekana na watu njiani, na kila mwenye moyo atakuchukia; lakini njaa ya usiku haionekani na mtu, na kila mmoja katika hao wawili amelala akiamini kuwa deni ni la mwenziwe.

Ndugu yetu amerudi na masuala matatu. Je, ipo sheria ya serikali juu ya mambo haya? Je, katika sharia yetu, chakula cha mnyama aliyekodishwa ni juu ya nani? Na la tatu ni juu ya nyama ya ng'ombe wanaoteswa njiani wakiletwa kuchinjwa. Hilo tutalijibu mwisho.

Sheria ya serikali ipo. Ni Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360 katika sheria za Kenya, iliyotungwa mwaka 1962, yaani mwaka mmoja kabla ya uhuru. Ndani yake ni kosa kumpiga mnyama kwa ukatili, kumpakia au kumwendesha kupita kiasi, kumtumia kazini hali ya kuwa ni mgonjwa au ana jeraha lisilomruhusu kazi ile, na kumchukua garini kwa namna ya kumtesa. Kadhalika ni kosa kumnyima chakula na maji, na kumtupa pasina sababu ya haki. Wala sheria haikumkamata mwenye fimbo peke yake. Mwenye mali ambaye hakumwangalia mnyama wake kwa uangalifu upasao huhisabiwa kuwa ameruhusu ukatili ule. Adhabu iliyoandikwa ni faini isiyozidi shilingi 3,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au yote mawili. Hapo mwaka 1962 shilingi 3,000 zilikuwa ni mali ya mtu. Leo tajiri wa mikokoteni mitano huzilipa akacheka. Hata hivyo kifungo hakikupungua thamani yake, na hakimu anaweza pia kumwondolea mtu umiliki wa mnyama aliyemtesa, na hilo kwa mwenye kutafuta riziki kwa punda ni zito kuliko faini.

Wako wanaosema kuwa haya ni mambo ya Wazungu, waliopenda mbwa wao kuliko watumishi wao. Hatukatai kwamba waliotunga sheria ile walikuwa wakoloni, na kwamba wengi wao walimhurumia farasi na wasimhurumie mchukuzi. Lakini dhulma yao kwa watu haiigeuzi haki ya mnyama kuwa batili. Na mwenye kusema haya huonyesha kuwa hakusoma vitabu vyake mwenyewe. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria yake ya kwanza ya kuwazuia watu kuwatesa ng'ombe, farasi na kondoo mwaka 1822. Imam Nawawi, aliyetuandikia Minhaj, alikufa mwaka 676 Hijria, nao ni mwaka 1277 wa miladi. Baina ya miaka hii miwili ni zaidi ya miaka mia tano.

Basi Imam Nawawi amesema nini? Mwisho wa kitabu cha Nafaqa, baada ya kwisha matumizi ya mke, ya wazazi na watoto, na ya mtumwa, amewataja wanyama. Mwenye mnyama yampasa kumlisha na kumnywesha. Akikataa, hulazimishwa: ikiwa ni mnyama wa kuliwa, achague kumuuza, au kumlisha, au kumchinja, na ikiwa si wa kuliwa, achague kumuuza au kumlisha, hana la tatu. Tena haruhusiwi kukamua maziwa ya kumdhuru ndama. Na wanavyuoni wameendelea hata kwenye nyuki, wakasema mwenye mzinga awaachie asali kiasi cha kuwatosha. Ni watu waliokaa wakafikiri mpaka kwa mdudu.

Neno la kushikwa hapa ni "hulazimishwa". Si suala la huruma peke yake, mtu akitaka ahurumie na asipotaka asihurumie. Ni haki inayosimamiwa na Kadhi. Al-Mawardi naye ameandika kuwa ni kazi ya muhtasib, yule msimamizi wa masoko na njia katika dola za Kiislamu, kumzuia mwenye kumtumikisha mnyama kwa kazi asiyoiweza. Na asili ya yote haya ni mafundisho ya Mtume (S.A.W.), aliyetupa khabari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhi. Na amepokea Abu Dawud kwamba ngamia mmoja alimwona Mtume bustanini mwa mtu wa Madina, akalia hata machozi yakamtoka. Mtume akampangusa, akamwita mwenyewe, akamkanya kwa kumtia njaa na kumchosha. Mwanamke yule hakupokewa kuwa alimpiga paka. Kosa lake ni kufunga mlango na kwenda zake.

Sasa tulijibu suala la pili. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, chakula cha mnyama aliyekodishwa ni juu ya mwenyewe, yule aliyemtoa, si juu ya aliyemkodi. Kwa hivyo tajiri wa Kitengela amekosa, na neno lake la "ajitafutie" halimfai kitu, kwani katika mji ule usiku punda hukuta taka za sokoni na magari. Naye kijana hakuokoka: mwenye kumkodi mnyama akapakia kupita kiasi kilichokubaliwa au kinachojulikana, ni mwenye kukiuka mipaka, na mnyama akifa kwa mzigo ule atamlipa. Hukumu za serikali na za fikihi zinakutana hapa bila ya kugombana: wote wawili ni wakosa, kila mmoja kwa kosa lake. Twalisema hili kwa sababu tunakhofu polisi akija atamkamata kijana peke yake, kwa kuwa yeye ndiye yuko njiani na hana wa kumsemea, na tajiri atakodisha punda yule yule kwa mwingine kesho yake.

Mmoja katika wanafunzi wetu alituuliza hapo, na suala lake ni zuri: mbona basi hatuwahukumu Wamaasai wa Kajiado, ambao ng'ombe wao hufa kwa maelfu kila ukame ukija? Si kwa kukosa chakula na maji? Na sheria yasema mwenyewe amlishe.

Twajibu kwamba kuna kushindwa na kuna kupuuza, na haviwi sawa. Baina ya mwaka 2020 na 2022 mvua zilikosekana misimu mitano kwa kufuatana, na nchi nzima ya Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni mbili. Waliopita Kajiado wakati ule waliona mizoga kando ya njia. Lakini waliona pia wachungaji waliohama na ng'ombe wao mamia ya maili, wengine wakaingia nao hata katika mitaa ya Nairobi kutafuta majani. Na waliona wazee na wake zao wakiamka alfajiri kumwinua kwa mikono ng'ombe aliyeshindwa kusimama. Mtu huyo hana dhambi. Ametoa alichonacho, na Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kiasi cha uwezo wake. Ndiyo maana sheria ya serikali nayo ikaweka lile sharti la kuwa pasina sababu ya haki.

Ila wanavyuoni hawakuishia hapo. Wamesema mwenyewe akiwa hana kitu, mnyama huuzwa au hukodishwa. Hilo lisipowezekana, chakula chake hutoka Baitul Mali. Na Baitul Mali ikiwa tupu, ni juu ya Waislamu. Ndugu msomaji, lisome tena neno hilo. Mnyama wa mtu masikini anayekufa kwa kiu akiwa mbele yetu, na sisi tunaweza, ni deni juu yetu. Na katika yale mambo matatu ya Nawawi, kuuza, kulisha au kuchinja, umo ushauri kwa mchungaji mwenyewe: auze baadhi mapema, wakati ng'ombe bado ana nyama, awalishe waliobakia. Si mbali na Kitengela, pale Athi River, kiko kiwanda cha nyama cha Kenya Meat Commission kilichoanzishwa mwaka 1950, na serikali imepata kuitumia njia hiyo kuwanunua mifugo dhaifu wakati wa ukame. Mwenye ng'ombe mia mbili akakataa kuuza hata mmoja kwa kuogopa kupungukiwa hishima ya idadi, mpaka wakafa wote zizini, huyo hoja ya ukame haimtoshelezi. Hatusemi kuwa ni jambo jepesi. Hata sisi tunao watu wenye nyumba saba zenye kuporomoka, hawauzi moja wakatengeneza sita.

Turudi kwa punda, kwani yeye hana hilo la tatu. Nyama ya punda wa mjini iliharamishwa Khaibar, mwaka wa 7 wa Hijra. Kwa hivyo mwenyewe ana mawili tu, amlishe au amuuze kwa mwenye kumlisha. Na kwa muda wa miaka kadhaa katika nchi yetu soko la punda lilikuwa ni kisu. Mwaka 1999 serikali ilimtia punda katika orodha ya wanyama wa kuchinjwa kwa nyama. Tangu mwaka 2016 yakafunguliwa machinjio makubwa, la Naivasha likiwa mashuhuri kati yake, na makusudio makubwa yalikuwa ngozi, ambayo hupelekwa China ikapikwa dawa iitwayo ejiao. Kufika mwisho wa 2018 walikuwa wamekwisha kuchinjwa punda wapatao laki tatu. Bei ilipopanda ukaja wizi. Punda wakawa wanaibwa usiku maboma kwa maboma, Kajiado ikiwa miongoni mwa sehemu hizo, wakachukuliwa mwendo mrefu malorini bila ya maji.

Na nani aliyeumia? Katika Umaasai punda ni mnyama wa mwanamke. Yeye ndiye humpakia mitungi kwenda kisimani na kurudi. Punda akiibwa, mzigo ule hauibwi; huhamia mgongoni mwa mama na binti zake. Kelele za watu hawa na wengineo ndizo zilizoifanya Wizara ya Kilimo kupiga marufuku machinjio haya mwezi wa Februari 2020. Mwezi wa Mei 2021 Mahakama Kuu ya Naivasha ikaitengua amri hiyo. Kisha Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, walipokutana Addis Ababa, wakakubaliana kuzuia kuchinjwa punda kwa ajili ya ngozi katika bara zima. Tumeyaeleza haya kwa urefu ili ijulikane kuwa sheria huweza kuruhusu leo, ikakataza kesho, ikarejea ikaruhusu. Wala mwenye punda asingoje mahakama imwambie kuwa mnyama wake ana tumbo.

Wala tusinyooshe kidole Kitengela kana kwamba sisi wa pwani tumetakasika. Lamu ni mji wa punda; nyumba zake zimejengwa kwa mawe na mchanga uliobebwa na migongo yao. Hospitali ya punda iliyoko huko tangu mwaka 1987 haikufunguliwa na sisi wenye misikiti mingi; ilifunguliwa na jumuiya iliyotoka Uingereza, na punda huponywa humo bure. Twawashukuru, na twaona haya. Na ni nani miongoni mwetu asiyeona watoto wakiwapiga mbwa mawe baada ya Alasiri, na watu wazima wakapita kimya kwa kuwa mbwa ni najisi? Najisi ya mbwa ni hukumu ya kuosha chombo mara saba, moja yake kwa udongo. Si ruhusa ya kumvunja mguu. Mbwa wa mchungaji wa Kajiado, anayelinda mbuzi usiku, ni mnyama mwenye kuhishimiwa, na yeye pia huingia katika ile sababu ya tatu ya Safina. Hata mbwa mkali anayeruhusiwa kuuawa, huuliwa kwa wema, hateswi.

Mwenye kuona ukatili afanye nini? Kwanza aseme kwa upole, kama alivyosema ndugu yetu, maana wengi hufanya kwa ujinga: hajui kijana kuwa punda hunyweshwa kabla ya safari na baada yake, kuwa kidonda cha kamba hakiponi mpaka apumzishwe na kamba izungushiwe kitambaa, kuwa mitungi kumi safari mbili ni bora kuliko ishirini safari moja. Ikiwa hakusikia, upelekwe mashtaka kituo cha polisi au kwa daktari wa mifugo wa kaunti, na mwenye kushtaki alitaje jina la mwenye mali, si la mwendeshaji peke yake. Kiko pia chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama, KSPCA, ambacho asili yake ni ya mwaka 1910, na makao yake ni Nairobi. Kwenda huko si usengenyaji. Ndiyo kazi ile ile ya muhtasib, imebakia bila ya mtu.

Limebakia suala la tatu. Ng'ombe hupandishwa lorini bara wakasimama njia nzima kwa kubanana. Mmoja akianguka hukanyagwa na wenziwe, na hupindwa mkia ili ainuke. Je, nyama yao ni halali kwetu? Jawabu ni kuwa aliyefika akiwa na uhai uliothibiti, akachinjwa kama ipasavyo, nyama yake ni halali, na dhambi ya mateso imebakia juu ya aliyetesa na aliyeamrisha. Ama aliyekanyagwa hata akawa hana ila mtikisiko wa mwisho, asibakiwe na uhai wa kuthibiti, huyo kisu hakimhalalishi. Ni mzoga, ijapokuwa damu imetoka. Alama za uhai huo wanavyuoni wamezitaja, kama vile nguvu ya kutikisika na kuchuruzika kwa damu baada ya kukatwa, nazo zahitaji mtu mwenye kujua asimame machinjioni. Mlango huo ni mrefu, na Inshaallah tutausoma katika toleo lijalo. Mwenye suala juu yake atuletee darasani baada ya Ishaa.